Ganda Moja, Risasi Moja

Al Warqa, Dubai
Ijumaa, 18 Februari 2005

Dada yangu Metrine,

Pokea salamu wewe, shemeji Fanuel na Mama. Mwambie Mama koti alilonifungia bado limekunjwa vilevile, huku baridi ilipita siku mbili ikajiendea. Mguu wake nauombea kila jioni. Mwambie pia kwamba nakula, maana najua hilo ndilo atakalouliza kwanza.

Nimehama kazi. Ile ya kulinda ghala kule Dubai Investments Park, saa kumi na mbili mfululizo nimesimama mbele ya mlango wa chuma nikisalimiana na malori, nimeiacha tangu Januari. Kampuni imenileta kwa Mwingereza mmoja hapa Al Warqa, Bwana Clifford, mhandisi. Nalinda geti, naosha gari, namwagia maua maji. Ndani yuko Daisy, binti wa Kisii, anayepika na kufua. Sote tunamwita mwenye nyumba Sir. Nina chumba changu peke yangu, na kule tulikuwa tunalala wanane.

Sasa sikiliza anachofanya Sir siku zake za mapumziko. Wenzake wanacheza gofu. Yeye anajaza risasi. Ijumaa huenda uwanja wa shabaha huko jangwani, akapiga karatasi asubuhi nzima, kisha huyabeba maganda matupu hadi nyumbani, akayasafisha, akayatia baruti na kichwa kipya, ili Ijumaa nyingine akapige tena karatasi. Ni kama mtu anayeshona shati ili apate kulirarua. Nilimuuliza kwa heshima kama kuna vita inakuja. Alicheka hadi akakohoa, akasema ni kujiburudisha tu. Anasema kibali anacho. Sijakiona, wala si kazi yangu kukiona.

Maganda yakirudi yana masizi. Huyatia kwenye pipa dogo la umeme linalozunguka, pamoja na, kaa chini kwanza, magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Yanatoka Marekani kwenye mfuko wenye picha. Magunzi haya haya yetu, tuliyowashia moto na tuliyokwenda nayo chooni. Nilipousoma ule mfuko nilicheka peke yangu, kisha nikaugeuza picha itazame ukutani.

Bunduki yenyewe ni Mark Four. Ile ile, na mbao zake na pua yake butu. Aliinunua kwa sababu babu yake aliibeba vitani. Nilipoiona mara ya kwanza nilienda kumwagia maua maji, ingawa nilikuwa nimeshayamwagia.

Leo alinichukua uwanjani nimwokotee maganda. Wenzake wa uwanjani wanayafagia kwa ufagio kama takataka. Mimi nilipiga magoti nikayaokota moja moja, nikayapanga kumi kumi, nao wakasimama kunitazama na kucheka. Unajua ni nani aliyenifundisha kuyapanga hivyo. Kwenye kumi la mwisho moja likapungua. Nikarudi kuchakura mchanga mpaka shati likalowa. Sir akaja kuniuliza nimepoteza nini, nikamwambia ganda moja halipo.

"Khalas, Jotham," akasema. "Ni ganda tu."

Tangu asubuhi nayatafuna maneno hayo na hayamezeki. Nimeona nikuandikie wewe, maana Daisy nikimwambia hataelewa nalia nini.

Mdogo wako,
Jotham


Shule ya Msingi, S.L.P. Kitale
Jumapili, 20 Machi 2005

Mdogo wangu Jotham,

Huku tunapumua. Mama anashukuru kwa maombi, ila anasema mguu wake umeshaombewa na makanisa matatu na sasa unataka dawa ya kuchua. Mvua imechelewa, watu wamelima na sasa wanatazama mbinguni. Fanuel amefanywa naibu mwalimu mkuu, anatembea na funguo zote za shule mfukoni ili zisikike.

Barua yako niliisoma, kisha nikaenda kunawa mikono. Nasema kweli, na sabuni nilitia. Mama huniomba nimsomee kwa sauti, na nilipofika kwenye Mark Four nikaruka mistari kama anayeruka mtaro. Akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia mwandiko wako umezidi kuharibika.

Tangu tumzike Baba ni miaka kumi na moja, na hatujawahi kulizungumza, mimi na wewe. Sikutaka tulizungumze. Lakini kwa kuwa umepata mahali pa kupanga maganda kumi kumi huku watu wakicheka, acha nikukumbushe.

Baba yetu, Mzee Matia, alikuwa askari wa akiba wa kijiji. Hakulipwa. Alipewa Mark Four na risasi kumi za kutulinda na wezi wa ng'ombe, na kila risasi aliyoipiga alitakiwa kurudisha ganda lake kituoni kwenye kopo la kakao. Ganda moja, risasi moja. Ukipoteza ganda unaandikisha maelezo, na maelezo yakichunguzwa mwezi mzima, unalinda kijiji kwa rungu. Asubuhi ile walipokuja tukikamua, Baba alipiga risasi moja, ganda likarukia kwenye nyasi. Mtu mwingine angelala chini. Baba aliinama kulitafuta. Walimpiga akiwa ameinama.

Wewe ulikuwa shuleni Bungoma, hukuliona hili ninalokuambia sasa. Alikuwa amelipata. Alikufa amelishika. Askari aliyetumwa kuchukua bunduki alikifungua kiganja chake kidole kimoja kimoja, akalitoa, akalipangusa damu kwa suruali yake, akaandika kitabuni: limerudishwa. Hata pole hakutupa.

Sasa unaniambia kuna watu wazima wanaofanya hayo kwa kujiburudisha. Hao siwalaumu, hawajui. Wewe unajua. Rudi ghalani ukasimame mbele ya mlango wa chuma.

Baba Mdogo Ignatius, ambaye bunduki ya Baba sasa iko begani kwake, ameniuliza unafanya kazi gani. Nimemwambia unamwagia maua maji. Iwe hivyo.

Dada yako,
Metrine


Al Warqa, Dubai
Ijumaa, 27 Mei 2005

Dada Metrine,

Salamu kwenu nyote. Dawa ya kuchua ya Mama nimeituma kwa mwenzangu anayekwenda likizo, chupa mbili, apake kabla ya kulala na asiinywe. Mpongeze shemeji kwa funguo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikasirika. Halafu hasira iliisha, nikabaki na ile habari ya vidole. Usiniandikie tena habari hiyo.

Sijarudi ghalani. Na nikuambie kabisa, maana utajua tu: nimejifunza kujaza. Sir aliona ninavyohesabu, akasema mkono unaohesabu hivyo usiachwe kuosha gari. Wiki tatu za kwanza sikugusa baruti. Kazi yangu ilikuwa kuyatazama maganda kwa kioo cha kukuzia na kutafuta nyufa, maana ganda likijazwa mara nyingi huchoka shingoni. Anasema anayeanza hufundishwa kwanza kutupa. Kisha nikaonyeshwa kulirudisha ganda kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, kutoa kile kifataki cha kuwashia baruti kilichokwisha matakoni na kutia kipya, kupima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, na mwisho kukisimamisha kichwa. Mezani inakaa aina moja tu ya baruti. Kitabu cha vipimo kinakuwa wazi hata kama umekikariri. Redio haiwashwi, hatuongei, na simu hata ikilia namna gani haipokewi.

Dada, utachukia, lakini mikono yangu imepata kazi inayoipenda. Hata kulijua ganda nimejua. Ukilipindua, matakoni kuna herufi za kiwanda na mwaka, unaona mara moja limezaliwa wapi. Risasi zangu tano za kwanza Sir alizipiga mwenyewe, na matundu yote matano ningeyafunika kwa kifuniko cha soda. Nilifurahi kama mtoto. Ndipo nikaitazama ile karatasi vizuri. Ilikuwa na umbo la mtu, kichwa na mabega. Nilikuwa nimeibeba mwenyewe tangu asubuhi na sikuiona. Nilitema mate mchangani, nikatema tena, na ladha haikuondoka.

Lakini kama Baba angekuwa na meza kama hii asingehitaji kuinama. Basi, tuyaache.

Maganda yaliyochoka Sir huyatupa kwenye pipa la taka. Siwezi kuyaona yakitupwa. Nayatoa nikayaweka chini ya kitanda, na sijui nayawekea nini.

Jambo la mwisho. Pasaka nilimpigia Baba Mdogo simu tukaongea sana. Namtumia kopo la maziwa ya unga kwa mkono wa Famau, mtu wa Lamu anayepakia mizigo bandari ya Hamriya. Ana jamaa atakayelifikisha Kitale kwa jina lako. Nimelifunga kwa gundi. Mkabidhi Baba Mdogo mwenyewe mkononi, na usilifungue, litamwagika.

Mdogo wako,
Jotham


S.L.P. Kitale
Jumapili, 3 Julai 2005

Jotham,

Wote wazima. Mguu wa Mama umepata nafuu, ananukia karafuu nyumba nzima. Mahindi yamefika magotini. Jana tulipalilia kaburi la Baba, magugu yalikuwa yameufikia msalaba.

Kopo limefika. Nimelibeba mwenyewe kutoka stendi hadi kwa Baba Mdogo, nikamkabidhi mkononi kama ulivyotaka. Ni zito kwa maziwa.

Baba Mdogo anakusalimu sana. Ameezeka nyumba upya kwa mabati na haelezi yametoka wapi. Sina la kuongeza.

Metrine


Al Warqa, Dubai
Ijumaa, 19 Agosti 2005

Dada yangu,

Nakusalimu, ingawa barua yako ya mwisho ilinisalimu kwa ncha ya kidole. Joto la huku sasa ni la kukufanya ukumbuke mahubiri. Bado nakula.

Kazi imenichafua moyo. Mwezi uliopita Sir aliamua kutengeneza vichwa vya risasi mwenyewe, akakusanya vile vyuma vizito vinavyobanwa kwenye magurudumu ya gari, akaviyeyusha uani. Aliviyeyushia kwenye sufuria ya Daisy ya wali. Juu ya uji ule wa kijivu kulielea uchafu, naye akiukwangua kwa kijiko cha kulia. Sir aliomba radhi, akanunua sufuria nyingine. Daisy tangu siku hiyo hapiki wala hali wali katika nyumba hii, na mimi kila nikitia mkate mdomoni nasikia chuma. Ijumaa wanakuja rafiki zake, wanazungumzia tundu lipi limekaa vizuri kifuani mwa karatasi huku wakila sambusa. Nawaangalia midomo. Ni watu wa adabu, wananiambia asante kwa kila kitu. Hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Sasa nikuulize ninachotaka kujua. Kaburi limependeza? Najua ulijua halikuwa kopo la maziwa. Nilitia maganda mia moja na ishirini, yale ya kutupwa. Baba Mdogo aliniambia Pasaka kwamba atayapanga kwenye saruji kuuzunguka msalaba wa Baba, ili lile moja walilolipeleka kituoni lirudi na wenzake wengi. Nililia kwenye simu, Metrine. Nikaona angalau hapa kuna mtu aliyefikiri jambo jema.

Lakini sasa anataka kopo la pili, na amesisitiza mara tatu. Kaburi la Baba si uwanja wa ndege. Hayo mengine ni ya nini? Wewe uko karibu, tazama uniambie. Kopo ninalo tayari, na Famau anasema kuna safari mwisho wa Septemba. Nisiposikia lolote kutoka kwako, nitalituma.

Mdogo wako,
Jotham


S.L.P. Kitale
Jumapili, 9 Oktoba 2005

Ndugu yangu Jotham,

Mama yuko hai na mimi niko hai. Fanuel yuko hai, na nitakueleza kwa nini namtaja mwisho.

Barua yako ya Agosti nilikaa nayo wiki tatu. Sikuijibu kwa sababu ningeijibu ningelazimika kusema hili: nilijua. Siku ile stendi, nilipolipokea kopo, nililitikisa mara moja. Ule mlio mimi na wewe tuliucheza utotoni, tukilitikisa kopo la kakao la Baba mpaka atufukuze. Nilijua kabla sijalipita kanisa la njiani. Nikaendelea kutembea. Sikutaka kulifungua nikaona, kisha nikalazimika kukuchukia, basi nikaona bora nilifikishe, na macho yangu yabaki safi. Huo ndio usafi wangu, mimi ninayenawa mikono kwa sabuni.

Kaburi halina ganda hata moja. Halina hata saruji.

Jumanne tarehe 27 Septemba walikuja asubuhi, saa ya kukamua. Unakumbuka wezi wa zamani walivyopiga kwa uchoyo, moja hapa, moja pale, kwa sababu nao risasi walizipata kwa taabu. Hawa walipiga kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Fanuel alikuwa anakwenda kugonga kengele ya shule. Risasi ilimpata chini ya goti la kushoto. Hospitali wamemkata mguu. Wamechukua ng'ombe tisa, pamoja na yule wa Mama mwenye madoa.

Damu ya Fanuel haikuwa imekauka nilipoinama langoni. Niliinama kama Baba, nikaokota maganda saba. Niliyapindua, maana wewe ulinifundisha. Herufi zilikuwa zile zile zilizo kwenye risasi za Baba Mdogo, za serikali, za mwaka huu.

Nilikwenda kwake. Hakukana. Alikuwa anakula, akaendelea kula. Alikuwa anayapeleka maganda yako kituoni kidogo kidogo, akisema amepambana na wezi porini, na kwa kila ganda la Dubai anapewa risasi mpya. Hizo anauza. Nikamuuliza kama anajua anamuuzia nani. Akalamba vidole, akaniambia:

"Miaka kumi na moja nabeba bunduki ya ndugu yangu bila mshahara. Mimi niliuza risasi, Metrine. Kumpiga mtu sikuuza."

Kopo lilikuwa kwenye kiota cha kuku nyuma ya jiko. Maganda thelathini na moja yamebaki, yamepakwa mavi ya kuku na manyoya. Nimelichukua, na hakunizuia. Anajua nitaona aibu kulipeleka kituoni, maana aliyelibeba ni mimi.

Sasa nijibu kwa barua, si kwa simu. Kopo la pili liko wapi? Na uandike kila kitu: maganda uliyatoa wapi, ulituma mangapi, kwa nani, na alikudanganya nini. Andika na jina langu, kwamba nililibeba. Weka sahihi. Nitaipeleka kituoni mwenyewe. Najua maana yake. Baba Mdogo atafungwa, mimi naweza kupoteza ualimu, na wewe huenda siku utakayotua Nairobi usipokewe na Mama bali na askari. Mama nimemweleza yote. Aliimaliza chai yake, kisha akasema niandike.

Fanuel anakusalimu. Hajui bado. Nitamwambia kesho.

Metrine


Dubai Investments Park
Ijumaa, 4 Novemba 2005

Dada yangu Metrine,

Sijui nimsalimu vipi shemeji. Mwambie nimeandika jina lake nikalifuta mara nyingi, na hiyo ndiyo salamu niliyo nayo.

Kopo la pili halikuja. Lakini usinisifu. Mwisho wa Septemba nililibeba hadi Hamriya, barua yako bado sijaipata. Famau alilitikisa, akaniambia, "Ndugu yangu, maziwa haya yana mifupa." Nikacheka ili naye acheke. Hakucheka. Alisema la kwanza alilipokea kwa kuwa hakulitikisa, na hili hatalitia mkono. Nikarudi nalo kwenye basi nikiwa nimemkasirikia. Unaona? Nilikasirika. Ni mtu wa Lamu asiyemjua Baba wala Fanuel aliyelizuia, si mimi. Mimi ningetuma.

Barua yako ilinifikia Alhamisi ya juma lililopita. Niliisoma kwenye chumba cha kujazia, kwenye ile meza, kwa sababu ndipo penye taa nzuri. Nilipofika kwenye goti la kushoto nilitazama mikono yangu, mikono niliyojisifia kwako, nikaona rangi ya kijivu kwenye mistari ya viganja. Haitoki. Nimeisugua kwa mchanga, kwa ndimu, hata kwa yale magunzi ya Marekani. Nikamweleza Sir yote, kwamba nilichukua maganda kwenye pipa lake na yamefanya nini. Akasema alikuwa ameshayatupa, hayakuwa mali yake tena. Alisikitika kweli, nilimwona. Siku ya pili alikwenda uwanjani kama kawaida.

Nimeomba kampuni inirudishe ghalani. Tunalala wanane, mmoja anakoroma. Idi imeingia jana, barabara ni tupu, na mimi niko mbele ya mlango wangu wa chuma. Kopo la pili nimelipondaponda kwa nyundo ganda baada ya ganda mpaka hakuna linaloweza kuitwa ganda, nikalitupa.

Maelezo haya hapa, nakala mbili, sahihi na kidole gumba. Nimeandika jina langu kamili, namba ya pasipoti, maganda mia moja na ishirini. Nimeandika kwamba nilidanganywa kuhusu kaburi, na kwamba aliyetaka kuuliza angeuliza. Jina lako nimeliandika kama ulivyotaka.

Peleka. Nikikamatwa nikitua, Mama aje na lile koti, litanifaa huko ndani.

Jotham


S.L.P. Kitale
Jumapili, 11 Desemba 2005

Mdogo wangu Jotham,

Mama ni mzima na koti lako analianika kila Jumamosi. Fanuel ametoka hospitali. Nilipomwambia hakunitazama siku nne. Ya tano akaniomba nimletee funguo zake. Amesema anakuandikia mwenyewe, akipata cha kusema.

Ijumaa nilikwenda kituoni. Nilivaa nguo ya kanisani. Pale kaunta ya silaha alikuwapo sajini, mtu wa makamo, ana miwani ya kusomea. Niliweka maelezo yako mezani, na kopo juu yake. Sikuwahi kufungua mdomo. Alilifungua kopo kwanza, akayamimina maganda, akapeperusha manyoya ya kuku kwa mkono, akayapindua moja moja matako juu. Herufi zake ni za ng'ambo, Jotham. Mtoto wa darasa la pili angeona si za serikali yetu. Yeye aliyapanga kumi kumi. Kumi, ishirini, thelathini, na moja pembeni.

Kisha akafungua sanduku la chuma, akahesabu risasi mpya thelathini na moja, akazisukuma upande wangu pamoja na kitabu.

"Ignatius leo amekutuma wewe, mwalimu," akasema. "Weka sahihi hapa."

Zilikuwa zinang'aa. Sikuzigusa. Nikamwambia asome karatasi iliyo chini ya kopo. Aliisoma yote, taratibu, midomo ikitembea, na mimi nikatazama vidole vyake. Sijui kama ni yule askari wa asubuhi ile. Miaka ni mingi, na wakati ule sikutazama uso, nilitazama mkono wa Baba. Alipomaliza aliikunja mara nne. Hakuitia kwenye faili, aliitia mfukoni mwa shati. Akavua miwani, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Huyu ndugu yako bado yuko huko?"

Nikasema yuko.

"Na maganda bado yanapatikana?"

Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya kituo, yale yaliyozungushiwa mawe meupe. Nikiwa bado nimeinama, alichungulia dirishani akaniita nirudi, sijaweka sahihi.

Sikurudi. Nilifika nyumbani sikunawa mikono. Nimekaa nayo hivi hivi mpaka leo ili nisisahau.

Nakala ya pili ninayo, nimeishonea ndani ya mto. Kesho Fanuel na mimi tunakwenda Nakuru kwa mkuu wao wa mkoa. Amesema yeye ndiye atakayetangulia kuingia, na magongo yake, waanze kwa kumtazama yeye kabla hawajatazama karatasi. Nakuru nao wakiikunja, tutakwenda Nairobi, na Nairobi kuna milango mingi. Kila mlango utataka karatasi yake.

Kwa hiyo keti chini uandike tena, yote, tangu pipa la takataka hadi kiota cha kuku, na kila moja uweke sahihi. Usitume mbili. Panga kumi kumi, kama ulivyofundishwa.

Dada yako,
Metrine